Madawati yale yalikuwa bado yangu

Haya niliyaongea kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo na wa kati hapa Mwanza. Watu kadhaa wameniomba niyaandike, maana wengine walichelewa na waliokaa nyuma spika haikuwafikia vizuri. Nimeandika karibu vile vile nilivyoongea.

Mwangaluka wazee wangu, mama zangu, na nyie wadogo zangu mliosimama kule mlangoni, sogeeni basi viti vipo huku mbele. Nimepewa mada ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, wenyewe tumezoea kuiita CSR, na aliyenipigia simu aliniambia kaka wewe una karakana ya samani, tunakuona unatoa misaada, njoo uwaambie wenzako unafanyaje. Nikakubali. Halafu usiku nimekaa naandaa cha kusema nikaona siwezi kusimama mbele yenu nikaanza kuhesabu madirisha niliyotoa msikiti gani na mabenchi niliyopeleka zahanati gani, moyo ulikataa kabisa, kwahiyo nitawapa habari ya madawati na hayo mengine yatafuata humo humo.

Mnakumbuka 2016 ilivyokuwa. Elimu bure ndio imeanza, wazazi wamewatoa watoto majumbani wamewaleta darasa la kwanza, unaingia darasani unakuta watoto zaidi ya mia wamekaa chini kwenye vumbi, Rais Magufuli akasema madawati yapatikane, na nchi nzima ikawa ni madawati, benki zinatoa, kampuni za simu zinatoa, migodi inatoa, wakuu wa mikoa wanahesabu yamefika mangapi. Kwa sisi maseremala ule ulikuwa msimu ambao sijauona tena. Mbao za paini tulikuwa tunagombania, unaagiza fuso kutoka Mafinga unaambiwa subiri, na mwenzako hapo jirani naye anasubiri fuso hilo hilo.

Ikaja kampuni moja ikaniagiza madawati 200. Jina siitaji hapa na wala msinifuate nje kuniuliza. LPO, ile hati ya oda, ilikuja safi kabisa, asilimia 30 ya kuanzia kazi, asilimia 70 ndani ya siku 30 baada ya mzigo kupokelewa. Nilikuwa na mafundi saba. Ile ya kuanzia haikutosha hata vyuma vya miguu, kwahiyo nikakopa mbao, nikakopa vyuma kwenye duka moja la mjini ambalo mwenyewe ananiamini, tukalala karakana wiki tatu, mafundi wanakula ugali wa mama lishe wa pale nje kwa daftari, yaani na yeye pia tumemkopa. Tukamaliza kwa wakati.

Siku ya makabidhiano palikuwa na bango, palikuwa na fulana, waandishi wa redio wapo, mkuu wa wilaya yupo, watoto wakaimba. Mimi nimesimama pembeni chini ya mwembe. Nawaambia ukweli nilifurahi sana siku ile, kuona mtoto aliyekuwa anaandikia magotini amekaa vizuri mgongo umenyooka, hilo jambo ukiliona kwa macho yako na ukajua mikono yako imo, linakukaa moyoni mpaka leo.

Siku 30 zikapita. Nikaenda ofisini kwao nikaambiwa faili liko kwa mhasibu. Nikarudi, mhasibu yuko likizo. Nikarudi tena, mhasibu karudi ila wa kusaini yuko Dar. Halafu bajeti ya robo mwaka imefungwa, halafu invoisi yangu haionekani lete nyingine, nikaleta, halafu wanahamia kwenye mfumo mpya wa malipo. Miezi tisa ndugu zangu. Ndani ya ile miezi tisa niliuza mashine ya randa, mafundi wawili waliondoka na mmoja wao alikuwa fundi wangu wa kwanza tuliyeanza wote chini ya turubai, duka la vyuma likanifungia mlango, na mama lishe daftari lake akaacha kulifungua nikipita, ananiangalia tu. Kuangaliwa kule kuliniuma kuliko simu zote za madeni.

Sasa siku moja nikapita pale shuleni nimempeleka mtoto wa dada yangu. Nikaona yale madawati, kila moja limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, msaada wa kampuni fulani. Nikasimama pale nikapiga hesabu. Kampuni imelipa asilimia 30. Asilimia 70 ya kila dawati wanalokalia wale watoto ni yangu, ni ya mafundi wangu, ni ya mwenye duka la vyuma, ni ya mama lishe. Sisi ndio tuliotoa msaada, hatukuulizwa kama tunao uwezo wa kutoa, na jina lililoandikwa ni la mwingine.

Ndio maana leo mtu akiniuliza uwajibikaji wa kampuni ni nini, mimi simwanzishii kwenye msaada, namrudisha nyuma kabisa kwenye hela ilivyopatikana. Umemlipa anayekuuzia? Umemlipa aliyekufanyia kazi? Maji machafu ya kiwanda chako yanaenda wapi? Hapo ndipo penye wajibu wenyewe. Madawati yanakuja baadaye sana, na ni mazuri, wala sipingi mtu kutoa, ila yasije yakapanda juu ya deni.

Na kutoa huku hakukuja na maneno ya kizungu. Pwani watu wana wakfu toka enzi na enzi, mtu anatoa nyumba au shamba mapato yake yaende msikitini au kwa yatima. Mliowahi kulaza mgonjwa Muhimbili mtakuwa mmesikia wodi ya Sewa Haji. Huyo Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Zanzibar, kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa misafara inayokwenda bara, vitambaa, shanga, wapagazi, na pembe za ndovu zikirudi. Alitoa hela ya hospitali Dar es Salaam, na Bagamoyo akatoa shule kwa Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo, miaka ya 1890 hiyo, fikirieni lilikuwa sharti zito kiasi gani wakati ule. Akafariki 1897. Mimi namheshimu kwa lile sharti. Lakini kila nikisikia jina lake namuwaza na mpagazi, yule mtu aliyebeba jino la tembo begani kutoka huku kwetu bara mpaka pwani, maana babu zetu wa Kisukuma na Kinyamwezi ndio walikuwa kwenye ile kazi, na kwake hakuna wodi. Ile hospitali ilijengwa na bega lake pia.

Wasomi nao wamebishana. Mmarekani mmoja mchumi, Milton Friedman, mwaka 1970 aliandika kwenye New York Times kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida, basi, mambo ya kusaidia jamii mwenye hela afanye kwa hela yake mwenyewe. Watu wanamtaja sana wale wanaotaka kukwepa. Ila wanaruka kipande, kwa sababu huyo huyo aliweka sharti kwamba faida hiyo ipatikane kwa kufuata kanuni, bila udanganyifu. Kwahiyo hata ukimchukua mkali kuliko wote, bado kumwambia fundi siku 30 halafu ukamlipa baada ya miezi tisa hakupiti.

Wahindi wao wameweka kwenye sheria. Sheria yao ya makampuni ya 2013, ikaanza kufanya kazi Aprili 2014, inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwenye shughuli za jamii. Ni jambo zuri, zimejengwa shule, vimechimbwa visima. Mimi swali langu linabaki kwenye zile 98, zimepatikanaje, na mtu gani yuko chini yake hajalipwa.

Niwape mfano wa majirani zetu maana huu unaumiza na unafundisha. Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, watu kama elfu tatu hivi, ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri za magari za zamani kutoa risasi, ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki. Pale kazi zilikuwepo, mtu angeweza kusema kiwanda kimesaidia jamii kimeleta ajira. Dada mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa pale pale, akapewa kazi ya kushughulikia tathmini ya mazingira, akawaambia wakubwa zake hapa mahali hapafai. Baadaye mtoto wake mchanga akaugua, madaktari wakahangaika, mwishowe ikaonekana ana risasi kwenye damu na imetoka kwenye maziwa ya mama yake. Sijui kama kuna mzazi humu ndani anaweza kusikia hilo akakaa vizuri kwenye kiti. Yule mama akaanza kugonga milango, akakamatwa, akashitakiwa, hakuacha. Kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ya mazingira pale Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ikakatiwa rufaa, ikatenguliwa, wakaenda mpaka Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 ndio uamuzi ule ukarudishwa. Na walioambiwa wana makosa sio kiwanda peke yake, mamlaka za serikali zilizotakiwa kusimamia zilikuwemo kwenye hukumu.

Sasa fikiria kile kiwanda kingekuwa kimeleta madawati Owino Uhuru. Kimeleta jezi za mpira. Picha zingepigwa na watoto wangeimba kama walivyoimba pale kwetu, na damu zao zina risasi.

Hapa Mwanza msinitazame kama naongea habari za mbali. Mto Mirongo mnaujua, unapita katikati ya mji wetu unaingia ziwani, na ziwa ndio maji tunayokunywa na ndio sangara na dagaa tunaouza. Oili chafu ya gereji inaenda wapi? Tina ya kuchanganyia rangi na vanishi iliyobaki kwenye karakana kama yangu ilikuwa inaenda wapi? Nasema ilikuwa maana mimi pia nilikuwa namwaga, mvua ikinyesha nashukuru imesafisha.

Twende Geita kidogo, maana sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa unavuka bila kupanga foleni ya kivuko. Zamani mgodi ulikuwa unatoa unachotaka, unapotaka, ukijenga kisima sawa, usipojenga sawa. 2017 Sheria ya Madini ikabadilishwa, ile ya 2010, kifungu cha 105 kikasema mwenye leseni lazima kila mwaka aandae mpango wa CSR na akubaliane na halmashauri. Mgodi wa dhahabu wa Geita, GGML, wakaingia makubaliano, yale ya mwanzo yalikuwa ya shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka, hela inaenda kwenye madarasa, vituo vya afya, masoko. Kabla ya hapo walishajenga shule ya wasichana ya Nyankumbu, na ule mpango wao wa kupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano ya UKIMWI wanaufanya na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, toka 2002. Hayo ni mambo ya kuonekana, nenda utayaona.

Lakini mimi ninachokipenda zaidi kwenye mambo ya madini ni zile kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania, zinazotaka mgodi uanze kununua bidhaa na huduma kwa Mtanzania. Kwa nini? Kwa sababu mgodi ukinunua mboga za mama wa Katoro kila wiki ukamlipa, yule mama hatasubiri mtu amjengee choo, atajenga. Atamsomesha mtoto wake kwa hela yake, kichwa kiko juu, hakuna bango. Msaada mkubwa kuliko wote ambao kampuni kubwa inaweza kunipa mimi ni oda, halafu inilipe tarehe tuliyoandikiana.

Na nina ombi kwa watu wa halmashauri kama wapo humu. Mnapokaa na kampuni kupanga miradi ya CSR, wekeni kipengele kimoja, kwamba siku ya makabidhiano haifanyiki mpaka karatasi ya kuonyesha fundi na mzabuni wamelipwa iwe mezani. Hakitawagharimu chochote. Mkuu wa wilaya kabla hajakata utepe aulize, aliyejenga hili darasa kalipwa? Mfuko wa simenti hauwezi kusema, ila mwenye duka la simenti anaweza.

Sasa niwaambie kitu ambacho ndicho kilinizuia kulala.

Yale maandishi meupe kwenye madawati, kuna dada wa karakanani kwangu ndiye aliyeyaandika. Ana mkono mzuri, kazi yake ni vanishi na rangi, kuandika kwa brashi hafutifuti, anaandika mara moja imekaa. Aliandika jina la ile kampuni mara 200. Miaka mitatu baadaye akapata ujauzito, karibu na kujifungua akaenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia fao la uzazi. Akaambiwa michango yako haijatimia, kuna miezi na miezi haipo.

Ilikuwa haipo kwa sababu ilikuwa kwangu. Nilikuwa namkata kila mwezi fungu lake, kwenye karatasi ya mshahara imeandikwa NSSF, na ile ya kwangu mwajiri naijua kwamba nadaiwa, halafu hela yote naiweka kwenye mbao nikijiambia oda hii ikilipwa nitapeleka. Oda ililipwa, ikaja nyingine, sikupeleka. Na katika miezi ile ile ndio nilitoa yale madirisha ya msikiti ambayo aliyenialika hapa aliyaona akasema huyu kaka anatoa misaada. Mashehe mmo humu na wachungaji mmo, pande zote mbili tumefundishwa kibarua alipwe jasho lake halijakauka. Lake lilikauka likarudi likakauka tena.

Aliporudi kutoka NSSF hakupiga kelele. Alikaa kwenye lile benchi la kupigia msasa, tumbo kubwa, kachoka na jua, akaniuliza bosi, hii ya kwangu imekaa kwa mhasibu gani? Maana ile habari ya miezi tisa nilikuwa naihadithia kila siku pale karakanani, kila mteja akija nahadithia, wote wanaijua kwa moyo. Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Nilimpa mimi mwenyewe kiasi ambacho angepata, nikauza pikipiki. Yale malimbikizo ya wafanyakazi wote pamoja na faini nilienda nikaomba nilipe kidogo kidogo, ikanichukua miezi 11 kumaliza. Siku hizi NSSF naitoa kwanza kabla ya umeme, kabla ya mbao, nikichukua namba ya malipo nalipia siku hiyo hiyo, na wanaoniuzia vyuma nawalipa ndani ya siku 14 hata kama mimi sijalipwa, na kama siwezi kuwalipa oda siichukui. Nimepoteza oda mbili kubwa kwa huo msimamo, mke wangu alilalamika sana ya kwanza, ya pili hakusema kitu. Mama lishe tulishamaliza daftari lake, kwa sasa tunalipa kila Jumamosi. Tina chafu tunaikusanya kwenye dumu na kuna mtu anaichukua kuoshea vyuma. Madirisha ya msikiti sijatoa tena miaka miwili iliyofuata, na shehe nilimwambia sababu, akaniambia hiyo umeshatoa.

Kwahiyo nyie wenzangu mnaotaka kuanza CSR, nendeni nyumbani leo mfungue daftari la wadai wenu. Anzeni na jina la chini kabisa, yule mwenye deni dogo ambaye anaona aibu kukupigia simu.

Yule dada bado niko naye, mtoto wake sasa yuko chekechea. Wiki iliyopita tumemaliza madawati 60, oda ya kampuni nyingine, ni ya msaada pia, yanaenda shule moja huko Magu. Yamepigwa vanishi yamekauka, yamepangwa vizuri, kilichobaki ni jina. Nikamwambia andika basi gari inakuja kesho. Akaniuliza wameshalipa? Nikamwambia imebaki ile ya mwisho. Akafunika kopo la rangi nyeupe, akafuta brashi akaiweka juu ya rafu, akasema jina nitaliandika hela ikiingia. Gari ya kesho nikaiahirisha.